Mzunguko wa maji kwenye tangi la matumbawe

Kwa mfugaji wa matumbawe, mzunguko wa maji ni mwendo wa maji ndani ya tangi: yanakwenda kwa nguvu gani, yanatokea upande gani, na yanabadili mwelekeo mara ngapi. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko namba ya lita kwa saa iliyochapwa kwenye boksi la pampu.

Tumbawe ni mnyama asiyehama. Samaki akikosa hewa husogea penye hewa. Tumbawe hungoja maji yaliletee oksijeni, chakula na kalisi, kisha yaondoe ute na taka zake. Juu ya ngozi yake kuna tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na kila kinachoingia au kutoka lazima kilipenye. Mkondo ukichangamka, tabaka hilo hupungua unene. Mkondo ukilala hunenepa, na tumbawe hubanwa pumzi hata kama vipimo vya maji ya tangi zima ni vizuri.

Anayesimama ufukweni Diani au Paje huona kwa mbali mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba. Pale maji hupiga na kurudi, hujaa na kupwa, na nyakati za bamvua huenda kasi zaidi. Hakuna tumbawe linalopigwa kutwa nzima na mkondo mmoja wa upande mmoja. Upande wa ndani wa mwamba maji ni mapole. Matumbawe magumu yenye polipu ndogo (polipu ni kila kijinyama chenye mdomo na mikono kinachounda tumbawe), hasa Acropora, mengi hupenda penye vurugu. Yale yenye nyama nyingi na polipu kubwa, kama Euphyllia, hupenda pa wastani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya pampu, jua unafuga nini. Wafugaji wengi huanza na pampu zinazosukuma ujazo wa tangi mara 10 hadi 20 kwa saa kwa matumbawe laini na ya polipu kubwa, na mara 30 au zaidi kwa ya polipu ndogo. Tangi la lita 300, basi, ni lita 3,000 hadi 6,000 kwa saa kwa kundi la kwanza, na 9,000 kwenda juu kwa la pili. Hapo ni pa kuanzia tu.

Kosa la kawaida ni kuibebesha kazi yote pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini, lile lenye vichujio. Pampu hiyo hupambana na kimo: iliyoandikwa lita 3,000 hupimwa bila kupandisha kitu, na ukiipa mita moja na nusu ya kupanda na kona mbili tatu za bomba, utapata pungufu sana. Iache irudishe maji yaliyochujwa, basi.

Mwendo wenyewe uachie pampu za propela zinazobandikwa kioo cha ndani. Hizi hutoa mkondo mpana na mpole, tofauti na pampu ndogo za zamani zilizotoa mchirizi mwembamba kama wa mpira wa bustani. Zipo ambazo mota hukaa nje ya kioo na kuzungusha propela kwa sumaku, kama VorTech, hivyo joto la mota haliingii majini. Kwa tangi la nyumbani ningechukua mbili ndogo badala ya moja kubwa, zipeane zamu, na mikondo yake igongane katikati au kwenye kioo cha mbele.

Ipo pia njia ya mzunguko uliofungwa: maji hutoka kwa tundu la tangi, hupita pampu iliyo nje, na kurudi humo humo. Tangi hubaki bila vifaa vya kuonekana, lakini kila tundu ni mlango wa kuvuja. Na ipo ile ya wimbi la ghafla, aliyoipa umaarufu Bruce Carlson wa Waikiki Aquarium huko Hawaii. Chombo hukaa juu ya tangi, hujazwa taratibu, na maji yakifika kilele cha bomba lililopindwa humwagika yote kwa mkupuo, kisha hewa huingia na kujaza kunaanza upya. Inafanana na bahari kuliko zote. Pia ina kelele, mapovu, na chumvi inayorukia ukutani.

Ukishafunga pampu, tazama wanyama. Mikono ya Euphyllia iyumbe na kulegea. Ikilala upande mmoja saa zote, mkondo ni mkali, na nyama inaweza kuchanika kwenye kingo za mifupa yake. Mchanga ukichimbika, geuza pampu. Taka zikirundikana nyuma ya mawe, hapo maji hayafiki. Uso wa maji nao utikisike, maana hapo ndipo oksijeni huingia.

Umeme ukikatika maji husimama, na oksijeni huanza kushuka. Kwa hiyo angalau pampu moja iwe na betri yake, imeelekezwa juu. Tangi la chini nalo liachiwe nafasi, kwa sababu pampu ya kupandisha ikizimika, maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba hurudi chini, na pasipo nafasi yataishia sakafuni.