Kwa nini Idi ndogo haikosi bamvua

Picha hii watu wa Unguja wanaijua: siku ya Idi ndogo, saa kumi na kitu jioni, watoto wanajirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, maji yamejaa pomoni. Mwaka unaofuata Idi imerudi nyuma siku kumi au kumi na moja, pengine upepo umeshageuka kutoka kusi kwenda kaskazi, lakini maji yako pale pale, saa ile ile.

Mwezi ndio unaoivuta bahari zaidi. Jua nalo linavuta, ila kwa umbali wake halifikii hata nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi unapokuwa mchanga, vyote viwili viko upande mmoja wa dunia na vinavuta pamoja. Ukiwa mpevu, kila kimoja kiko upande wake, lakini bado viko kwenye mstari mmoja. Hali zote mbili huleta bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine. Mwezi ukifika nusu, vinavuta kwa pembe mraba, kimoja kinapunguza kazi ya mwenzake, na hapo tunapata maji mafu. Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua. Katika maji mafu inaweza kuwa kama mita 1 tu.

Bahari ni nzito, haitii papo hapo. Bamvua hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi na jua kukutana, na mwezi wenyewe huonekana kwa macho baada ya muda kama huo huo. Ndiyo maana tarehe mosi ya Mfunguo Mosi, siku ya Idi ndogo, huangukia karibu na kilele cha bamvua. Wanaobishana kila mwaka kama Idi ni leo au kesho wajue kwamba maji yanawatosha wote wawili.

Saa nayo haibahatishwi. Mwezi mchanga hupita juu yetu karibu na adhuhuri, na kwenye pwani yetu maji hujaa kama saa nne hivi baada ya kupita kwake. Kwa hiyo bamvua hujaa jioni ya saa kumi, na hukupwa asubuhi kati ya saa nne na saa tano. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani na kina mama wanaochokoa pweza mwambani hupanga kazi zao kwa hesabu hii, na wengi wao hawajawahi kufungua jedwali la maji la bandari.

Hapa naomba wazazi wanisikilize. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, bahari imekauka mpaka mbali na mwamba unachungulia, na watoto wanapenda kutembea humo. Saa ya kwanza ya kujaa maji hupanda kidogo sana, mtu akadhani ana muda. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta nusu ya maji yote: mita 2 ndani ya saa mbili, yaani kuanzia kati ya saa sita na saa saba mchana. Tena hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mikondo, yakakuzunguka kwa nyuma. Wachokoa pweza hawasubiri kuona mawimbi. Wakiona maji kwenye mkondo yamegeuka kuelekea nchi kavu, wanabeba vikapu na kurudi.

Idi kubwa ni habari nyingine. Huwa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, siku chache baada ya mwezi kuonekana nusu, kwa hiyo hukuta maji mafu au maji yanayoanza tu kupata nguvu. Maulidi, tarehe 12 ya Mfunguo Sita, hukuta bahari iko njiani kuelekea bamvua la mwezi mpevu.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, peke yake hauna ahadi na maji. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 za jua, haumjui mwezi. Wanaokwenda kukoga alfajiri hiyo mwaka mmoja watayakuta maji yamefika kwenye minazi, mwaka mwingine watatembea mchangani kitambo kirefu kabla hawajalowa magoti.