Muhogo wa GMO: yanayovumishwa na yaliyopo

Ugonjwa wa muhogo uitwao michirizi ya kahawia una hila mbaya. Mmea unaweza kusimama vizuri, majani ya kijani, mkulima asijue lolote mpaka siku ya kuchimba. Akikata muhogo anakuta ndani pameoza, pakavu, rangi ya kahawia. Watafiti waliueleza kwa mara ya kwanza Tanganyika, miaka ya 1930, na hadi leo inzi weupe na vipando vyenye maambukizi wanausambaza. Ndiyo sababu taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO ya Kenya na NARO ya Uganda, pamoja na kituo cha utafiti cha Danforth cha Marekani, walitengeneza muhogo wa GMO, yaani uliobadilishwa jeni, uliopewa namba 4046. Mengi yanayosemwa juu yake yameazimwa kutoka kwenye mabishano ya mahindi na pamba za GMO.

“Umetiwa virusi, ukiula utaugua.” Hofu hii naielewa, maana kweli kuna kitu kimetoka kwa virusi. Kilichotiwa ni vipande vya jeni za gamba la virusi viwili vinavyoleta ugonjwa, vimepangwa ili mmea utengeneze RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya jeni) ya nyuzi mbili. Mimea ina kinga yake ya asili: ikikutana na RNA ya namna hiyo huikatakata, kisha hutumia vipande hivyo kuitambua RNA inayofanana nayo. Virusi halisi vikiingia, RNA yao hukatwa kabla havijazaliana. Hakuna virusi vinavyoundwa, wala vipande hivyo havikuwekwa ili kutengeneza protini. Tena virusi hivi ni vya mimea, havimwambukizi binadamu. Familia nyingi huondoa sehemu iliyooza na kupika iliyobaki, kwa hiyo tumekuwa tukivila vikiwa vizima.

“Ukishaupanda, kila msimu utanunua mbegu.” Muhogo hupandwa kwa pingili za shina. Unakata, unapanda, unampa jirani. Huu nao ni vivyo hivyo. Wenye mradi wameahidi pia kutotoza mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi wao.

“Uliruhusiwa 2021, basi tunaula tayari.” Idhini ya Juni 2021 nchini Kenya ilifungua njia ya majaribio ya kitaifa, ambayo aina mpya hupitia kabla ya kumfikia mkulima. Kabla ya hapo ulijaribiwa kwenye mashamba yaliyozungushiwa uzio, Mtwapa, pwani ya Kenya, ikiwa mojawapo.

“Hauugui chochote.” Hili husemwa na watetezi, na linaniudhi zaidi kwa sababu mkulima ndiye atakayelipia. Ukinzani uliotiwa ni wa michirizi ya kahawia peke yake. Haufukuzi inzi weupe, hauleti mvua, na hauhusiani na batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Aina iliyotumiwa, TME 204, ilikuwa ikistahimili batobato, lakini aina za kundi lake hupoteza uwezo huo zinapooteshwa upya kutoka kwenye chembe maabara. Ikabidi wagunduzi warudi kwenye njia ya zamani: kuuchanganya, ua kwa ua, na aina nyingine zinazoistahimili. Anayekuuzia wazo kwamba jeni moja imemaliza magonjwa ya muhogo hakuambii habari hiyo. Hata ukiwa na 4046 shambani, mche wenye batobato bado utaung'oa, na pingili bado utazichagua kutoka kwenye mashina safi.