Paka wa rangi tatu: manyoya yake yanasema mengi, tabia haimo

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu paka wa rangi tatu ni kama kweli ana hasira. Mtu ananiletea paka ndani ya kapu la sokoni, limefungwa kwa kanga juu, na kabla sijafungua ananitahadharisha: "Dokta, jihadhari na huyo, ana madoa matatu, atakuparura." Mara nyingine ananiparura kweli. Lakini paka yeyote aliyefungwa kapuni, akapandishwa bodaboda, akapita Kariakoo saa sita mchana, halafu akafunguliwa mbele ya mtu anayenuka mbwa na dawa, ana haki ya kuparura.

Nimeona nieleze mara moja yale ambayo rangi hizo zinaweza kukuambia na yale zisiyoweza. Rangi ya paka huyu inasema mengi ya kweli: jinsia yake, alichorithi kwa wazazi wake, hata sehemu gani ya mwili ikingwe dhidi ya jua. Tabia ndiyo watu wanayoitafuta humo, na ndiyo isiyoandikwa humo.

Kwanza tujue tunazungumzia paka gani. Kuna yule ambaye weusi na rangi ya chungwa vimechanganyika mwili mzima, huwezi kuonyesha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Huyo nitamwita paka wa mchanganyiko. Halafu kuna wa rangi tatu mwenyewe: mweupe, na juu ya weupe huo mabaka makubwa meusi na ya chungwa yaliyoachana. Wapo pia waliopoa rangi, kijivu mahali pa nyeusi na krimu mahali pa chungwa, kwa sababu ya jeni nyingine, yaani agizo la urithi ndani ya seli, inayofifisha zote mbili. Wote ni ukoo mmoja wa rangi, na karibu wote ni majike.

Sababu ya kuwa majike iko kwenye kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Paka ana kromosomu 38, na mbili kati ya hizo ndizo za jinsia: jike ana X mbili, dume ana X na Y. Agizo la rangi ya chungwa limekaa kwenye X. Dume mwenye X moja hana uchaguzi, ama ni wa chungwa ama siye. Jike anaweza kurithi X ya chungwa kwa mzazi mmoja na X isiyo ya chungwa kwa mwingine, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Seli ya jike haiziachi X zake zote mbili zifanye kazi kwa pamoja. Mapema sana, jike angali kiinitete, kila seli huzima moja. Izimwe ipi ni bahati nasibu, lakini ikishazimwa imezimwa: seli zote zitakazotokana na hiyo zitabaki na X ile ile iliyolala. Kwa hiyo paka wetu ana seli za rangi zinazotii X ya chungwa, na jirani zake zinazotii X nyingine. Baka moja la chungwa ni uzao wa seli zilizoamua hivyo kabla paka hajawa na hata mkia. Aliyeliweka wazi wazo hili ni Mary Lyon, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1961, kwa kutazama panya wenye manyoya ya mabaka. Miaka 12 kabla yake, nchini Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wakichungulia seli za neva za paka kwa hadubini wakaona kitone cheusi ndani ya seli za majike, kwa madume hakipo. Kitone kile ndicho X iliyozimwa. Napenda kwamba kilionekana kwa paka kwanza, kabla ya binadamu.

Jeni yenyewe ilichelewa kujulikana. Mwaka 2025 vikundi viwili, kimoja cha Chuo Kikuu cha Kyushu nchini Japani na kingine cha Stanford, Marekani, vilitangaza jibu moja: paka wa chungwa amepungukiwa kipande kidogo cha DNA, herufi kama 5,000, karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Kipande hicho kikikosekana, jeni hiyo inawaka ndani ya seli za rangi, mahali ambapo kwa kawaida ingekuwa kimya. Ikiwaka inakata mawasiliano yanayoiamuru seli itengeneze rangi nyeusi, na seli inatengeneza ile ya njano nyekundu badala yake. Watu wa Stanford walipima pia ubongo, moyo, figo na tezi za juu ya figo za paka wa chungwa, na huko hawakuona jeni hiyo ikifanya kazi tofauti na kwa paka wengine. Likumbuke hilo tukifika kwenye hasira.

Ukiwa na paka wa aina hii nyumbani, mtoe nje asubuhi jua likiwa limelala, umtazame kwa karibu. Kwenye baka la chungwa utaona michirizi, hata kama ni hafifu, na likiwa kwenye paji la uso huenda ukaona sehemu ya ile alama kama herufi M. Hamia kwenye baka jeusi la paka huyo huyo, mara nyingi ni jeusi tupu. Jeni inayofuta michirizi kwenye weusi haina nguvu juu ya chungwa. Ndiyo maana hata wale wa chungwa watupu, ukiwakagua vizuri, wana michirizi. Kama weusi wake nao una michirizi, basi hana nakala mbili za jeni hiyo ya kufuta zinazohitajika, na paka wengi wa mitaani kwetu wako hivyo.

Sasa weupe, ambao watu huupita wakidhani ni rangi ya tatu tu. Weupe ni kukosekana kwa rangi. Seli za rangi hazizaliwi ngozini; zinaanzia mgongoni mwa kiinitete, kando ya mahali uti wa mgongo unapojijenga, kisha zinasafiri kushuka ubavuni hadi tumboni, miguuni na usoni. Jeni iitwayo KIT ikiwa na badiliko fulani, wasafiri wanakuwa wachache na wengi hawafiki. Mahali wasipofika panabaki peupe. Tazama paka wa mitaani mmoja mmoja: weupe uko kidevuni, kifuani, tumboni, kwenye vidole, yaani mwisho wa safari. Paka mwenye mgongo mweupe na tumbo jeusi hutampata.

Na weupe huo ndio unaotenganisha mabaka. Watu wachache wakihamia pori kubwa, kila mmoja anajikatia eka nyingi. Wakihamia wengi kwa mkupuo, wanabanana nyumba kwa nyumba. Kwa paka asiye na weupe, seli za rangi ni nyingi na zinaingiliana njiani, unapata ule mchanganyiko usiojulikana. Kwa mwenye weupe mwingi, chache zilizofika zinazaliana zikitanda eneo pana bila kuguswa na jirani. Kadiri weupe unavyozidi ndivyo mabaka yanavyokuwa makubwa na yenye mipaka. Watu hudhani paka wa mchanganyiko na wa rangi tatu ni aina mbili tofauti, kumbe tofauti ni jeni moja ya weupe.

Elimu hii inasuluhisha hata ugomvi wa uzazi. Mtoto wa kiume hupata X kwa mama yake peke yake, baba anampa Y, kwa hiyo rangi ya chungwa ya baba haimhusu kabisa. Paka mweusi akizaa na shume la chungwa, binti zake wote watakuwa wa mchanganyiko au wa rangi tatu, na wana wa kiume hakuna hata mmoja wa chungwa. Mama mmoja aliniletea paka wake mweusi tii na watoto wanne, mmoja wao dume wa chungwa anayependeza, akamsifu: "Huyu katoka vile vile kama baba yake, shume la jirani." Nikamgeuza mtoto, nikathibitisha ni dume, nikamwambia, mama, rangi hii hakuipata kwa shume hilo, na tena paka wako hakumzaa. Akanitazama kama nimemtukania paka. Kumbe paka wa jirani, wa rangi tatu, alikuwa amezaa nyuma ya stoo hiyo hiyo siku zile zile, na majike wanaoishi pamoja hunyonyesheana watoto bila kuulizana. Shume la watu lilisingiziwa rangi.

Dume wa rangi tatu yupo, ila ni nadra. Makadirio yanayotajwa ni mmoja kati ya 3,000 wa rangi hizo. Wengi wao wana X mbili na Y, jumla kromosomu 39, na kwa kawaida hawazai. Kwa hiyo ukiuziwa dume wa rangi tatu kwa bei ya mbegu, umepigwa. Japani ndiko anakothaminiwa, mabaharia wa zamani walimchukua safarini wakiamini anakinga chombo na dhoruba. Msafara wa kwanza wa utafiti wa serikali ya Japani kwenda Antaktika, mwaka 1956, ulimchukua mmoja akaitwa Takeshi, jina la kiongozi wa msafara, na alikaa kituo cha Showa majira yote ya baridi. Sijui nani aliwaza kumpeleka paka huko, lakini namwelewa.

Tuje kwenye hasira zenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na daktari Elizabeth Stelow, walitoa matokeo ya dodoso lililojibiwa na wenye paka zaidi ya 1,200. Majike wa mchanganyiko na wa rangi tatu walitajwa kuwa wakali kwa watu zaidi kidogo ya wengine. Habari ikasambaa hapo hapo: imethibitishwa! Wachache walisoma kilichofuata. Tofauti ilikuwa ndogo, na paka weusi kwa weupe na kijivu kwa weupe nao walitajwa. Hao hawana chembe ya chungwa. Kama ukali unatoka kwenye X ya chungwa, wao wameupata wapi? Tena waliojibu ni wenye paka, na mwenye paka anajua watu wanasema nini kuhusu rangi hiyo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2012, uliwauliza watu wenyewe wanavyowaona paka wa rangi mbalimbali: wa chungwa akapewa upole, mweupe maringo, wa rangi tatu kutovumilia. Paka huyu akikufyonya leo utasema "si ndiyo hao", mweusi akikufyonya utasema ameamka vibaya.

Kuna mtego mwingine. Tuseme X moja kati ya tano mtaani ina chungwa. Madume wa chungwa watakuwa mmoja kwa watano, lakini jike wa chungwa mtupu anahitaji zote mbili, kwa hiyo ni mmoja kwa 25. Ukimsifu paka wa chungwa kwa upole, mara nyingi unamsifu dume, na wa nyumbani mara nyingi amehasiwa. Ukimlaumu wa rangi tatu, unamlaumu jike, pengine mwenye mimba au anayenyonyesha. Hapo unapima rangi au unapima mengine?

Yuko pia CC. Huyu ndiye paka wa kwanza kutengenezwa kwa kunakiliwa, Chuo Kikuu cha Texas A&M, alizaliwa tarehe 22 Desemba 2001. Aliyenakiliwa aliitwa Rainbow, paka wa rangi tatu. CC alitoka na michirizi ya kahawia na weupe, bila hata unywele wa chungwa, kwa sababu seli iliyotumika ilikuwa imeshaizima X ya chungwa na haikuamka tena. Jeni zile zile, paka mwingine machoni.

Nikitaka kujua paka atakuwaje siangalii manyoya, nauliza maswali. Alishikwa na watu akiwa na umri gani? Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo anajifunza kwamba mkono wa binadamu si hatari, na aliyezaliwa darini akakamatwa na miezi mitatu atakuwa na wasiwasi awe na rangi yoyote. Baba yake alikuwaje? Watoto wa dume asiyeogopa huelekea kuwa wajasiri hata kama hawajawahi kumwona. Na kama ukali umeanza ghafla kwa paka mtu mzima, naanza na meno, masikio, kiuno na viungo, kwa sababu paka mwenye maumivu hana njia nyingine ya kusema usiniguse hapo. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kipo, na paka anakibeba.

Kwa jua letu, rangi ninayoihofia kwa paka hawa ni nyeupe. Masikio meupe, pua ya waridi, kope zisizo na rangi: paka mwenye hivyo akishinda juu ya bati kila mchana, miaka ikipita anaweza kupata saratani ya ngozi. Inaanza kama kigaga kwenye ncha ya sikio, mtu anadhani amepigana. Kinabanduka, kinatoa damu, kinarudi, na ukingo wa sikio unajikunja. Kisichopona wiki mbili tatu, mlete. Ncha ikikatwa mapema wengi wanapona. Vile vidoa vyeusi bapa vinavyojitokeza midomoni na puani kwa paka wa chungwa na jamaa zake hawa ni jambo jingine, havina neno, ilimradi havivimbi wala kuchubuka. Mchana mfungie ndani au umwekee kivuli anachokipenda, maana ukimfukuza tu batini atarudi ukishageuka.