Vinyama vya utumbo mpana: nani vitamrudia, na tiba ya Kichina inaongeza nini kwenye hesabu?

Kinyama kikishakatwa, kinarudije tena?

Kinyama (polipu) ni kiuvimbe kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Hurudi kwa njia tatu, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni mabaki. Kinyama hakikuisha chote, kikaota tena palepale penye kovu. Hili hutokea zaidi kwa vinyama bapa vya milimita 20 na kuendelea, ambavyo daktari hulazimika kuvitoa vipandevipande badala ya kukikata kimoja kizima.

Ya pili ni kutoonekana. Watafiti walipowafanyia watu walewale kolonoskopi (kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana) mbili mfululizo, walikuta takriban robo ya adenoma, yaani vinyama vya aina inayoweza kugeuka saratani, zilipitwa mara ya kwanza. Nyingi zilikuwa ndogo au bapa, zimejificha nyuma ya mikunjo. Mwaka wa pili au wa tatu zinapoonekana, mgonjwa anaambiwa vimerudi, kumbe vilikuwepo siku zote.

Ya tatu ndiyo kurudi kwenyewe: kinyama kipya kwenye ukuta uleule, kwa sababu vichocheo vilevile bado vipo. Umri mkubwa, sigara, pombe, kitambi, kisukari, na ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana.

Njia mbili za kwanza zinategemea mikono ya daktari na usafi wa utumbo siku ya kipimo. Kwa hiyo utabiri wowote usiouliza kolonoskopi ya kwanza ilikuwa safi kiasi gani una upungufu tangu mwanzo, uwe wa hospitali ya kisasa au wa kliniki ya Kichina.

Kila kinyama ni hatari?

Hapana. Adenoma chache tu hugeuka saratani, na kwa kawaida safari hiyo huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Vile vidogo vya aina ya haipaplastiki vilivyo karibu na njia ya haja kubwa havina shida. Vya kuangaliwa kwa makini ni vya umbo la meno ya msumeno upande wa kulia wa utumbo: ni bapa, rangi yake ni kama ya ukuta, na mara nyingi hufunikwa na ute.

Tiba ya kisasa inatabiri kwa kutumia nini?

Mambo manne kutoka kwenye ripoti: idadi, ukubwa wa kile kikubwa kuliko vyote, aina yake chini ya darubini, na kiwango cha kubadilika kwa seli. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unapanga hivi kwa mtu aliyesafishika vizuri na kukatwa vinyama vyote:

- Adenoma 1 au 2 za tubula (zenye seli zilizojipanga kama mirija), chini ya milimita 10: arudi baada ya miaka 7 hadi 10.
- Adenoma 3 au 4 za aina hiyo: miaka 3 hadi 5.
- Adenoma 5 hadi 10, au yoyote ya milimita 10 na zaidi, au yenye vijidole (vilasi), au yenye seli zilizobadilika kwa kiwango cha juu: miaka 3.
- Zaidi ya 10 kwa mara moja: mwaka 1, na familia ichunguzwe kama kuna ugonjwa wa kurithi.
- Cha milimita 20 na zaidi kilichotolewa vipandevipande: miezi 6, kuangalia kovu.

Ulaya ni wapole zaidi kwa kundi la chini. Mwenye adenoma 1 hadi 4 ndogo zisizo na mabadiliko makubwa ya seli hurudishwa tu kwenye uchunguzi wa kawaida wa jamii. Tofauti hii haimaanishi upande mmoja umekosea. Inaonyesha kwamba kwa kundi hilo hatari ni ndogo mno kiasi kwamba wataalamu wanaweza kutofautiana bila mgonjwa kuumia.

China wameongeza nini?

Huko hospitali nyingi zinafanya tiba zote mbili chini ya paa moja, kwa hiyo mgonjwa wa kolonoskopi anaweza kupimwa pia kwa macho ya tiba asilia. Wanaangalia ulimi na mapigo ya mshipa, wanauliza choo, usingizi na hamu ya kula, kisha wanamweka kwenye kundi. Kwa wenye vinyama yanayotajwa sana ni unyevu na joto kwenye utumbo mpana, wengu dhaifu, na damu iliyotuama.

Sehemu inayofaa zaidi kwa hesabu ni dodoso la aina tisa za mwili, lililotokana na kazi ya Profesa Wang Qi na kufanywa kigezo cha Chama cha Tiba ya Kichina cha China mwaka 2009. Kila swali lina alama 1 hadi 5. Chukua aina ya "makohozi na unyevu", yenye maswali 8: tumbo kujaa, mwili kuwa mzito, paji la uso kuwa na mafuta, kope za juu kuvimba, mdomo kunata, kohozi kooni, utando mzito wa ulimi, kitambi laini. Jumla ya alama hupunguzwa idadi ya maswali, hugawanywa kwa idadi ya maswali mara 4, kisha huzidishwa kwa 100. Mtu aliyepata 24: toa 8, zinabaki 16, gawanya kwa 32, zidisha kwa 100, unapata 50. Kuanzia 40 anahesabiwa kuwa wa aina hiyo. 30 hadi 39 ana mwelekeo tu.

Angalia maswali yenyewe. Kitambi, uzito wa mwili, mafuta usoni. Dodoso hili kwa sehemu kubwa linamshika mtu yuleyule ambaye mizani na kipimo cha sukari vingemshika. Ndiyo maana lina maana kisayansi, na ndiyo maana pia lisipewe sifa zaidi ya stahili yake: ukiwa tayari una mzunguko wa kiuno, sukari na mafuta ya damu, kinachobaki kuongezwa na dodoso kinaweza kuwa kidogo.

Utabiri wa pamoja hutengenezwaje?

Wanachukuliwa watu waliokatwa vinyama, taarifa zao zote zinaandikwa siku hiyo, kisha wanafuatiliwa hadi kolonoskopi inayofuata. Kompyuta inapima kila kigezo kina uzito gani, halafu matokeo yanachorwa kama nomogramu, yaani mistari yenye alama: umri una pointi kadhaa, idadi ya vinyama ina zake, aina ya mwili ina zake. Jumla inasomwa chini kama asilimia ya uwezekano.

Utabiri huu unaharibikia wapi?

Kwanza ulimi. Mtu aliyekunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha utumbo na kushinda njaa hana ulimi wake wa kawaida. Kahawa, sigara na taa ya manjano navyo hubadilisha rangi. Ulimi upigwe picha kabla ya maandalizi kuanza, kwa mwanga uleule na kadi ya rangi pembeni, na usomwe na madaktari wawili wasiojua majibu ya kolonoskopi. Utafiti usiosema ulifanyaje hapa, punguza imani.

Pili, vigezo vingi kwa watu wachache. Kanuni ya zamani inataka angalau watu 10 waliorudiwa kwa kila kigezo. Ukiwa na 60 tu waliorudiwa na ukaingiza vigezo 25, kompyuta itakariri bahati nasibu ya hospitali moja.

Tatu, na hili husahaulika sana: usahihi wa asilimia. Utabiri unaweza kupanga vizuri nani yuko juu ya nani, lakini ukatoa namba za uongo. Kati ya watu 100 walioambiwa asilimia 40, takriban 40 ndio wanaopaswa kurudiwa. Hilo lijaribiwe kwa wagonjwa wa hospitali nyingine, wasiotumika kuutengeneza.

Kuna dawa ya Kichina iliyothibitika kupunguza kurudi?

Yenye ushahidi mzuri ni berberini, inayopatikana kwenye mmea uitwao huanglian. Jaribio la hospitali za mikoa sita ya China, lililochapishwa mwaka 2020, liliwapa watu gramu 0.3 mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Katika ufuatiliaji wa miaka miwili adenoma zilirudi kwa asilimia 36 ya waliotumia berberini, dhidi ya asilimia 47. Ni punguzo la kweli, lakini soma upande wa pili: zaidi ya theluthi moja ya waliotumia dawa bado walirudiwa. Haifuti kolonoskopi.

Isitumiwe na mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto mchanga, kwa hatari ya ugonjwa wa manjano kwa mtoto. Inaweza kupandisha viwango vya dawa nyingine mwilini, ikiwemo siklosporini, dawa ya waliopandikizwa kiungo. Na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao umeenea katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu, asiiguse bila daktari, kwani seli nyekundu za damu zinaweza kuvunjika.

Mchanganyiko wa mitishamba unaouzwa bila orodha ya viambato ni habari nyingine kabisa. Namba za jaribio hilo haziuhusu.

Na chakula?

Tusidanganyane. Jaribio la Marekani la watu 2,079, lililochapishwa mwaka 2000, lililinganisha mlo wa mafuta kidogo wenye nyuzinyuzi, matunda na mboga nyingi na mlo wa kawaida kwa miaka minne. Vinyama vilirudi sawasawa, karibu asilimia 40 kila upande. Mboga zina faida nyingine nyingi, ila usizitegemee zikulinde na adenoma mpya. Acha sigara, punguza kiuno na pombe.

Nifanye nini ili utabiri wangu uwe na maana?

Safisha utumbo sawasawa. Siku ya kabla kula vyakula visivyo na makapi. Dona, maharage na mboga za majani viache. Dawa igawanywe mara mbili: nusu jioni, nusu uanze kuinywa zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kufika kipimo, umalize zikiwa zimebaki angalau saa 2. Choo cha mwisho kiwe maji ya njano yanayopitisha mwanga. Vidonge vya madini ya chuma viachwe siku 5 hadi 7 kabla, maana hufanya choo cheusi kinachogandamana ukutani. Mwenye kisukari au anayetumia dawa ya kuyeyusha damu apange dozi na daktari mapema.

Kisha omba ripoti mbili, ya kolonoskopi na ya patholojia (uchunguzi wa kinyama maabara), na uzitunze. Zikague: je, kamera ilifika mwisho wa utumbo mpana, kwenye sekamu? Alama za usafi za Boston ni ngapi? Utumbo hugawanywa sehemu tatu, kila moja 0 hadi 3, na kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Vinyama vingapi, milimita ngapi, kilitoka kizima au vipande? Bila majibu hayo, hakuna daktari wa upande wowote anayeweza kukupa tarehe ya uhakika.

Kliniki ya Kichina hapa mjini imenipa asilimia yangu. Niifuate?

Uliza imejaribiwa kwa watu gani. Utabiri uliotengenezwa kwa wagonjwa wa China, wenye umri, mlo na huduma za uchunguzi tofauti, hauwezi kuhamishiwa Nairobi au Dar es Salaam bila kupimwa upya. Ikikwambia hatari yako ni kubwa, peleka taarifa hiyo kwa daktari wako wa tumbo, mnaweza kuifanya tarehe iwe mapema kidogo. Ikikwambia ni ndogo, tarehe iliyotokana na ripoti ya patholojia inabaki ileile. Na ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukikutwa na upungufu wa damu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, nenda ukaonwe sasa, hata kama tarehe yako bado ina miaka mitano.