Mada ya utafiti iko kwenye dawati la mbele

Kila mwaka, msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, napokea mada ileile: "Changamoto zinazowakabili wanafunzi wenye mahitaji maalumu katika shule jumuishi", yaani shule ambako watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wengine. Kinachobadilika ni jina la wilaya. Majibu yake tunayajua hata kabla hojaji haijachapwa: madarasa yamefurika, vifaa hakuna, walimu hawajapata mafunzo. Mtafiti anahitimu, mtoto anabaki palepale.

Ukiwa mwalimu unayetafuta mada, nakuomba uanze kwa kukaa nyuma ya darasa, hata siku tatu, umwangalie mtoto mmoja.

Niliwahi kukaa hivyo darasa la tano la shule ya kawaida, lenye watoto zaidi ya sabini. Mvulana mwenye ualbino alikuwa amewekwa dawati la mbele, na mwalimu aliamini kwamba hapo ameshamsaidia. Zoezi likaandikwa ubaoni. Mtoto akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ubao, akasoma maneno machache, akarudi kuandika, akainuka tena. Wenzake wakapaza sauti: "Kaa chini, unatukinga!" Baada ya mara ya nne hakuinuka. Kengele ilipolia, daftari lake lilikuwa na mistari miwili na nusu. Lile dawati la mbele lilitazamana na dirisha, na jua la saa nne lilikuwa likimpiga usoni.

Ualbino hauishii kwenye ngozi. Jicho linakosa rangi ya kutosha kuzuia mwanga, sehemu inayoona vitu vidogo kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haikui ipasavyo, na mara nyingi macho huchezacheza yenyewe. Ndiyo maana miwani humsaidia kwa kiasi tu. Siku ya mtihani wa taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania humwandalia mtahiniwa mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa. Lakini kabla ya siku hiyo ana miaka mingi ya kunakili ubaoni, na huko ndiko anakoachwa.

Kwenye kisa hiki kimoja naona maswali matatu ya utafiti: kiti, mwanga, na sauti ya mwalimu. Chukua la mwisho. Je, mwalimu akisoma kwa sauti kila anachokiandika, mtoto atanakili mistari mingapi kwa dakika kumi? Wiki ya kwanza hesabu tu, usibadilishe kitu. Wiki ya pili mwalimu aanze kusoma kwa sauti, nawe uendelee kuhesabu. Usimhamishe dawati wiki hiyohiyo, maana hutajua kilichosaidia ni kipi.

Hapa huulizwa kuhusu sampuli: mtoto mmoja anatosha? Anatosha, mradi umpime mara nyingi na umlinganishe na yeye mwenyewe wa juzi. Ukimweka kwenye wastani wa darasa la watoto sabini, anapotea kabisa.

Kipimo changu cha mada nzuri ni hiki: mwalimu anaweza kubadilisha jambo hilo mwenyewe, kwa chaki aliyonayo? Mashine za nukta nundu, za kuandikia maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, lazima tuzidai, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatupa pa kusimamia. Ila utafiti wa miezi mitatu unaosubiri mashine ifike utakwisha mashine haijafika.

Epuka pia mada inayokulazimisha kumbandika mtoto jina la usonji au la ulemavu wa akili wakati hajawahi kupimwa. Andika anachofanya: haanzi zoezi mpaka aguswe bega, anasoma silabi lakini hazimfikishi kwenye neno. Na kama mtoto ni kiziwi na darasani hakuna anayejua lugha ya alama, tafadhali usichunguze "usikivu wake katika somo". Hajafikiwa na somo lenyewe.

Kibali cha halmashauri kiombe mapema, kisha zungumza na mzazi, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anakubali. Ikionekana kusoma kwa sauti kunamsaidia, usimwambie mwalimu aache wiki ya mwisho ili grafu ishuke na kukuthibitishia. Iache tasnifu na pengo hilo la uthibitisho, mwalimu aendelee kusoma.