Mpira Uliopita Katikati ya Mlingoti

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alipiga penalti kwenye kompyuta ya mezani hapa nyumbani Shangani, Mtwara. Aliulenga mlingoti makusudi, kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde. Mpira ukapita katikati ya mlingoti kama mtu anavyopita mlangoni.

"Mjomba, mlingoti wako una tundu!"

Mchezo huo nimeuandika mimi. Nafundisha fizikia, na nilitaka mchezo ambao namba zake zote ziko mikononi mwa mchezaji: mvutano wa dunia, mdundo (sehemu ya kasi inayobaki mpira ukigonga kitu na kurudi), msuguano, uzito wa mpira, upana wa goli. Zimekaa kwenye faili moja la maandishi. Unalifungua, unabadilisha, unahifadhi, unacheza.

Watoto hukimbilia mvutano. Ukifuta 9.8 na kuweka 1.62 umehamia mwezini, na shuti la kwenda juu linapanda mara sita. Linafurahisha kwa dakika kumi hivi.

Mimi napenda mdundo, kwa sababu unaupima mwenyewe. Tuliangusha mpira wake wa miguu kutoka mita 2 kwenye sakafu ya baraza, ukarudi hadi sentimita 128. Gawanya 1.28 kwa 2, tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.8; hiyo ndiyo tuliyoiandika kwenye faili. Tulipourudia ufukweni, ulifia mchangani palepale. Kama una mpira wa tenisi tu, unatosha pia: kanuni za tenisi zinataka ukiangushwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu urudi juu hadi kati ya sentimita 135 na 147, yaani mdundo wa 0.73 hadi 0.76.

Lakini mlingoti wenye tundu hauhusiani na mdundo. Kuna namba moja ambayo wachezaji wengi hawaigusi kabisa: kompyuta inapiga hesabu mara ngapi kwa sekunde. Kompyuta haiuoni mpira ukisafiri. Inaupiga picha, inafumba macho, inaupiga picha tena. Mimi niliweka picha 60 kwa sekunde. Mpira wa mita 30 kwa sekunde unaruka nusu mita nzima kati ya picha na picha. Mlingoti una unene wa sentimita 12, mpira una kipenyo cha kama sentimita 22. Ukijumlisha, mpira unaugusa mlingoti ndani ya sentimita 34 tu za safari yake. Nusu mita inazivuka zote. Picha ya kwanza mpira uko mbele ya mlingoti, ya pili uko nyuma, na kwa kompyuta hakuna kilichogongana. Nilipoweka 120, kila ruko likawa sentimita 25, na tundu likazibika.

Namba hiyohiyo ina ubaya mwingine, na huu ulinichukua siku mbili kuugundua. Niliweka mdundo 1, mpira ambao haupotezi chochote, nikauachia kutoka mita 2. Ulirudi hadi mita 2.1. Mdundo uliofuata ukazidi hapo. Nguvu ilikuwa inatoka hewani! Kosa lilikuwa mpangilio wa mistari miwili: nilikuwa nausogeza mpira kwanza kwa kasi ya zamani, ndipo nabadilisha kasi. Kila hatua ikaongeza kipande kidogo cha nishati ambacho hakikuwepo. Ukitaka kuandika mchezo wa namna hii, anza na kasi, kisha ndipo usogeze mpira.

Asiyetaka kuandika hesabu zote mwenyewe atumie Box2D ya Erin Catto, maktaba ya bure ya programu, yaani hesabu za fizikia zilizokwishaandikwa, iliyoendesha ndege wa mchezo wa simu wa Angry Birds. Yenyewe inakagua njia nzima ya mpira dhidi ya kuta zisizosogea, badala ya kutegemea picha peke yake. Ila nashauri uanze na zako, hata zikikusumbua, kwa sababu ukikutana na tundu kama hili utajua limetoka wapi.

Jioni ile mpwa wangu alirudia penalti yake, picha 120, upepo umezimwa, mdundo 0.8. Mpira uligonga mlingoti uso kwa uso na kurudi uwanjani kwa mita 24 kwa sekunde. Kabla hajapiga, alikuwa ameshaiandika 24 kwenye daftari lake.