Muda wa maji kukaa tumboni: maana yake katika dialisisi ya nyumbani

Katika dialisisi ya tumbo, ile ambayo mgonjwa hujifanyia nyumbani bila damu kutolewa mwilini, muda wa kukaa ni kipindi ambacho maji ya dialisisi hubaki tumboni, kuanzia yanapomaliza kuingia hadi yanapoanza kutolewa. Karibu kazi yote ya kusafisha hufanyika katika kipindi hicho. Tanzania na Kenya wengi wanaijua zaidi dialisisi ya damu ya hospitalini, ambako saa hupangwa na wauguzi. Kwenye dialisisi ya tumbo saa ziko mikononi mwa mgonjwa, na ndizo za kwanza kuangaliwa matokeo yanapokuwa hafifu.

Maji yakiwa tumboni, mambo mawili huenda kwa pamoja. Uchafu kama yurea na kreatinini hutoka kwenye mishipa midogo ya utando wa tumbo na kuingia kwenye maji. Wakati huohuo sukari iliyomo kwenye maji huvuta maji ya ziada kutoka mwilini. Tatizo ni kwamba sukari hiyo nayo hunyonywa na mwili. Ikipungua, mvuto hufa, na mwili huanza kuyarudisha maji ulikoyatoa. Ndiyo maana mtu anaweza kujaza lita 2 usiku, akalala kwa muda wa saa 9, asubuhi zikatoka mililita 1,700. Hakuna kilichoziba. Maji yamekaa kupita kiasi.

Kiasi hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hujulikana kwa kipimo kiitwacho PET. Mgonjwa hujazwa lita 2 za maji ya sukari asilimia 2.5, yanakaa saa 4, kisha kreatinini ya kwenye maji hulinganishwa na ya kwenye damu. Uwiano ukizidi 0.81, utando ni wa kasi: uchafu hupita haraka, lakini sukari pia hunyonywa haraka. Ukiwa chini ya 0.50, utando ni wa taratibu: maji hutoka vizuri, uchafu unachelewa. Wengi wako katikati. Mwenye utando wa kasi hufaidika na vipindi vifupi, kwa kawaida kwa mashine ya usiku, inayojaza na kutoa maji yenyewe mgonjwa akiwa amelala. Mwenye utando wa taratibu anahitaji vipindi virefu na ujazo mkubwa, kwa mfano mifuko 4 kwa siku, ya mchana ikikaa kwa muda wa saa 4 hadi 6 kila mmoja na wa usiku kwa muda wa saa 8 hadi 10.

Kwenye mashine ya usiku watu hudhani kuongeza mizunguko ni kuongeza usafi. Piga hesabu kwanza. Kutoa na kujaza hula kama dakika 30 kila mzunguko. Kwa saa 9 za usiku, mizunguko 4 hupoteza saa 2 na kuacha dakika 105 za kukaa kila mara. Mizunguko 7 hupoteza saa 3 na nusu, na kinachobaki ni dakika 47 tu kwa mzunguko. Dakika 47 zinaweza kutosha kwa yurea, lakini kwa fosfeti, madini ambayo nayo lazima yasafishwe, ni kidogo mno, kwani hiyo hupita polepole. Mwenye fosfeti ya juu mara nyingi husaidiwa zaidi na saa nyingi za maji kuwa tumboni, pamoja na mfuko wa mchana, kuliko mizunguko mingi.

Vipindi vifupi sana vina hila nyingine. Mwanzoni maji hupita kwenye vitundu vidogo visivyoruhusu chumvi, hivyo maji hutangulia na sodiamu hubaki kwenye damu. Skrini itaonyesha kwamba maji mengi yametoka, lakini mgonjwa ataamka na kiu kali, atakunywa, uzito utarudi na presha haitashuka. Kiu ya kila asubuhi si ya kupuuzwa: itajeni kliniki.

Sukari ya maji huja kwa nguvu 3: asilimia 1.5, 2.5 na 4.25. Kukimbilia 4.25 kila uvimbe unapotokea ni tabia mbaya. Huongeza sukari ya damu na uzito, na kwa miaka huuchosha utando wenyewe. Kabla ya kupandisha nguvu, angalia chumvi ya chakulani, muda wa kukaa, na kama maji yanatoka yote.

Hapo kwenye kutoka ndipo vipimo vingi vya nyumbani hukosewa. Mfuko ulioandikwa lita 2 huwa na maji zaidi kidogo, na sehemu ya hayo hutumika kusuuzia mrija. Ukitoa 2,000 kwenye kilichotoka, unaweza kuona ziada ya maji isiyokuwepo. Kwa anayebadilisha kwa mkono, pima mfuko kwa mizani kabla ya kujaza na baada ya kutoa, mrija ukihesabiwa pande zote mbili, ndipo uandike tofauti. Maji yakitoka polepole au mashine ikipiga kengele, sababu ya kawaida kabisa ni kufunga choo: utumbo uliojaa huisukuma katheta, yaani mrija uliowekwa tumboni. Kisha kagua kama mrija umejikunja au umezibwa na nyuzi nyeupe za fibrini, aina ya protini. Ikiwa yote ni sawa, daktari hupima kwa lita 2 za asilimia 4.25 kwa saa 4. Ziada ikiwa chini ya mililita 400, utando wenyewe una shida.

Mabadiliko ya ujazo, saa au nguvu ya sukari huandikwa na daktari wa figo. Ni vyema kubadilisha kitu kimoja kwa wakati, mgonjwa akiandika kila siku uzito, presha na kiasi kilichotoka. Maji yakiwa na ukungu, usiguse mpangilio wowote: nenda hospitali siku hiyohiyo na mfuko wenyewe. Tumbo likijaa hadi pumzi kubana, yatoe maji mara moja.

Kwa kipindi kirefu, hasa kwa utando wa kasi, yapo maji ya ikodekstrini asilimia 7.5, ambayo hunyonywa polepole na huendelea kuvuta hata baada ya saa 12. Mwenye kisukari ajihadhari. Baadhi ya stripu za kupimia sukari, zile za aina ya GDH-PQQ, huyahesabu mabaki yake kama sukari na kutoa namba ya juu isiyo ya kweli, na insulini ikichomwa kwa namba hiyo sukari halisi inaweza kuanguka vibaya. Muulize mfamasia aina ya stripu zako kabla ya mfuko wa kwanza. Athari hiyo inaweza kudumu hadi wiki 2 baada ya kuacha kuyatumia.